Kutu na Dhamana: Swali la Fundi wa Bastola Kuukuu

Tumezoea kusema kwamba chombo hakina dhambi, dhambi ni ya mkono ukishikao. Tumezoea pia kusema, kwa ulimi huohuo, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Kauli hizi mbili zikiwekwa pamoja hazikai kwa amani. Ya kwanza humtoa fundi katika hesabu: alifanya kazi yake, akalipwa, akanawa mikono. Ya pili humrudisha kundini na kumwambia kwamba alichokitengeneza kina njia ya kumfuata mpaka mlangoni kwake. Makala haya yanakusudia kulikabili swali lililojificha baina ya kauli hizo, nalo ni hili: fundi aliyeletewa silaha kuukuu, iliyochakaa na kugoma, akaombwa aitie uhai upya, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Swali hili tutalitazama kutoka Mtwara. Bandari ile yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza wa baada ya vita vya pili vya dunia, mpango ulioanza 1947 na ukafa mapema mno. Karanga hazikuja, bandari ikabaki, na leo inapakia korosho. Lakini si bandari peke yake inayotuvuta huko. Kusini yake upo mdomo wa mto Ruvuma, na mto huo umevukwa na silaha mara nyingi, kwenda na kurudi, kwa kiasi ambacho mtu wa pwani ile hahitaji kufundishwa kwamba bunduki ina maisha marefu kuliko sababu iliyoileta. Mikindani, jirani ya Mtwara, iliwahi kuwa bandari ya watumwa na pembe. Mwaka 1899 Machemba, mkuu wa Wayao aliyewasumbua Wadachi kwa miaka mingi, alivuka mto huo kwenda upande wa Wareno asipate kushikwa. Miaka sitini na kitu baadaye, wapigania uhuru wa Msumbiji walivuka kinyume chake, wakaja kufunzwa Nachingwea, wakarudi. Kila kizazi kilibeba silaha zake, na kila kizazi kiliacha nyingine nyuma.

Kabla ya kulizungumza jambo la dhamira, yafaa tukijue chombo chenyewe, kwani wanaofalsafu juu ya vitu wasivyovijua huishia kuzungumza juu ya nafsi zao. Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka, na ndani ya silinda mna matundu matano au sita ya kutilia risasi. Kifyatuo kinapovutwa, kidole kidogo cha chuma huinuka na kusukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, nayo ikageuka hatua moja. Papo hapo komeo dogo huchomoza kutoka chini, likaingia katika kato lake na kuishika silinda, ili tundu lielekeane na mtutu barabara. Ndipo nyundo ikaanguka. Yote haya hutendeka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na yote yanategemea vipande vya chuma visivyozidi ukucha kwa ukubwa.

Sasa, iwapo bastola hiyo ni ndogo, ya kutiwa mfukoni, mambo huzidi ugumu. Webley ya Uingereza ilianza kuuza mwaka 1872 bastola fupi ya matundu matano iliyoitwa Bulldog, na mafundi wa Liège, Ubelgiji, wakaiiga kwa wingi. Colt ya Marekani ikatoa mwaka 1927 ile iitwayo Detective Special, yenye mtutu wa inchi mbili na matundu sita; Smith & Wesson ikafuata mwaka 1950 na yake ya matundu matano. Zote zilifuata hesabu moja: punguza urefu, punguza uzito, punguza unene wa chuma, lakini nguvu ya risasi isipungue sana. Hesabu hiyo lazima ilipwe na kitu, na hulipwa na umri wa chombo.

Ugonjwa wa kwanza wa bastola hizi ni wa wakati. Kidole kikilika, silinda huchelewa. Nyundo inaanguka ilhali tundu halijafika mahali pake. Katika bastola za Colt za zamani ugonjwa huu ulikuwa wa kawaida zaidi, kwa kuwa kidole huendelea kuisukuma silinda iliyokwisha kushikwa na komeo, na kwa ajili hiyo bastola hukaza kama kufuli zuri, lakini hujila yenyewe. Ugonjwa wa pili ni wa kulegea: silinda ikapata nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma, na kila mlio ukaipigisha kama nyundo juu ya fuawe. Wa tatu ni wa makato: komeo likiyagonga mara elfu, kingo zake hufumka. Katika silinda ya matundu sita, makato hayo huangukia juu ya tundu lenyewe, mahali chuma kilipo chembamba kuliko pote. Katika ile ya matano huweza kuwekwa kati ya tundu na tundu, na kwa hivyo ndogo ya matano huwa na nafuu pale ambapo mtu angedhani ina udhaifu. Wa nne ni wa kiunzi chenyewe, hasa vilipoanza kufanywa viunzi vya alumini mwaka 1950. Jeshi la anga la Marekani lilifika mbali zaidi: likaagizia marubani wake rivolva zenye hata silinda za alumini, na kabla ya muongo huo kwisha zilirudishwa na karibu zote zikavunjwavunjwa, kwani hazikuweza kuihimili risasi yake zenyewe.

Kwetu pwani yupo mgonjwaji wa tano, naye ni chumvi. Si chumvi ya bahari tu. Fataki za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu, na baada ya kila mlio huacha ndani ya mtutu chumvi iliyo ndugu wa ile ya mezani, yenye tabia ileile ya kuvuta unyevu. Askari aliyepaka mafuta akadhani amemaliza, aliamka asubuhi akakuta kutu, kwa sababu chumvi haiyeyuki katika mafuta. Dawa yake ilikuwa maji ya moto kwanza, mafuta baadaye. Ndivyo ilivyo hata katika mambo ya nafsi: yako makosa yanayotaka kuoshwa, na mtu akitangulia kuyapaka mafuta huyafungia ndani.

Dawa za magonjwa mengine fundi anazijua. Kidole kilicholika huweza kufuliwa kidogo ili kirefuke, au kikabadilishwa. Silinda iliyolegea hutiliwa pete nyembamba. Kamani iliyochoka hupewa nyingine. Kwa jiriwa, tupa, msasa na subira, chombo cha miaka themanini hurudi kuwa kama cha jana. Na hapo ndipo swali letu linapoanzia. Kwani bastola isiyotengenezwa ina hatari ya namna moja, na iliyotengenezwa ina hatari ya namna nyingine. Silinda ikichelewa, risasi huparuza mdomo wa mtutu na kutapika vipande vya risasi ubavuni, vikamfika mwenye kushika au aliyesimama kando yake bila hatia. Fundi akiiponya bastola, anamwokoa huyo wa kando, na anamweka katika hatari yule wa mbele. Hana njia ya kuigusa silaha ile bila ya kugusa maisha ya mtu.

Historia ya kusini inatuonyesha jinsi ukarabati wa silaha unavyoweza kuwa kazi ya kusifiwa na ya kuliliwa kwa wakati mmoja. Aprili 1915 meli ya Wadachi iliyokuwa ikileta silaha ilikimbizwa na manowari ya Waingereza mpaka ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama katika maji ya kina kifupi. Wazamiaji waliitoa shehena yake. Risasi zilizolowa maji ya bahari zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Julai mwaka huohuo manowari Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji; mizinga yake kumi ikaopolewa, ikatengenezewa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, ikageuka kuwa mizinga ya nchi kavu. Machi 1916 meli nyingine ikapenya na kutia nanga katika ghuba ya Sudi, baina ya Lindi na Mikindani, ikashusha silaha zilizobebwa vichwani kwenda bara.

Nani asiyeustaajabia ufundi huo? Kufungua risasi moja moja na kuianika baruti kama mama anavyoanika mpunga ni kazi ya mikono yenye adabu. Lakini tuhesabu na upande wa pili. Bila ya risasi zile zilizokaushwa na mizinga ile iliyofufuliwa, yamkini vita katika nchi yetu vingekwisha mapema. Havikwisha. Vilishuka kusini. Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, bara ya Lindi, kwa ukali usiosahaulika. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma, likaipiga kambi ya Wareno pale Ngomano, likachukua bunduki zao na risasi zao, na askari waliokuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, zenye kutoa moshi mzito uliowaonyesha walipo, wakazitupa na kushika za Wareno. Vita vikaendelea mwaka mmoja mwingine kamili, mpaka Novemba 1918. Waliolipa gharama yake zaidi kuliko wote hawakuwa na bunduki mbovu wala nzima: ni wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu, katika majeshi ya pande zote. Jina la fundi aliyeikausha baruti halipo katika hesabu ya vifo vyao. Je, ni haki lisiwepo?

Wako watakaojibu kwamba ni haki, na hoja yao haifai kudharauliwa. Watasema: fundi akianza kuuliza kila mteja atakifanyia nini chombo chake, hakuna kazi itakayofanyika. Mfua visu atakataa kufua, mshona viatu atauliza viatu vitakwenda wapi, na fundi wa mashua ataogopa magendo. Ulimwengu umegawana kazi ili kila mtu abebe dhamana ya tendo lake na si ya tendo la jirani. Ubora wa kazi ndio maadili ya fundi. Mengine ni ya kadhi na ya serikali.

Hoja hii ina nguvu inapohusu kisu, kiatu na mashua. Udhaifu wake ni kwamba inamchukulia fundi wa kutengeneza kuwa sawasawa na fundi wa kuunda. Sawasawa hawako. Aliyeiunda bastola Liège au Connecticut hakumjua mtu atakayeishika. Baina yake na yule mtu pana bahari, maduka na miaka. Mikhail Kalashnikov, ambaye bunduki aliyoibuni imo hata katika bendera ya Msumbiji tangu 1983, alipokaribia kufa aliuandikia uongozi wa kanisa lake barua, iliyotangazwa mwanzoni mwa 2014, akiuliza kama yeye naye ana sehemu katika vifo vya watu waliouawa kwa bunduki hiyo. Alijibiwa kwamba silaha inayolinda nchi haina lawama. Jibu hilo lilimfaa kwa kiasi, kwa kuwa yeye kweli hakuwaona walioinunua. Lakini fundi wa kutengeneza amemwona. Mtu alikuja na miguu yake, akakaa juu ya benchi, akaifungua kitambaani. Fundi ameyaona macho yake, amesikia sauti yake, pengine anajua ugomvi wake wa shamba na nduguye. Kwa hivyo desturi yetu ya kumhesabu muundaji kuwa na jukumu kubwa na mkarabati kuwa na jukumu dogo imepinduka juu chini. Jukumu hufuata ujuzi, na mkarabati ndiye ajuaye.

Wazo hili si geni. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Socrates anamuuliza mzee Cephalus: ikiwa umeazima silaha kwa rafiki akiwa na akili timamu, kisha akaja kuidai akiwa amerukwa na akili, je, haki ni kumrudishia? Wote wanakubali kwamba si haki, ingawa silaha ni mali yake. Aliyeshika silaha ya mtu mkononi mwake, hata kwa saa moja, amekuwa mlinzi wa zaidi ya mali. Na fundi je, si mtu aliyeshika amana ya mwenzake kwa siku tatu, kisha akatakiwa airudishe?

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilitazama jambo hili kwa jicho la karibu. Katika mkusanyo wa hadithi wa Imam Bukhari mna mlango juu ya kuuza silaha wakati wa fitina na wakati mwingine, na imetajwa humo kwamba Swahaba Imran bin Huswain aliuchukia uuzaji huo wakati wa fitina. Tuangalie usahihi wa neno. Hakuuchukia uuzaji wa silaha kwa ujumla. Aliuchukia wakati wa fitina, yaani wakati ambapo muuzaji hawezi kudai kuwa hajui. Na Sura ya Chuma inakitaja chuma kuwa kina ukali mkubwa ndani yake na kina manufaa kwa watu, yote mawili kwa pamoja, wala haikimbilii kuyatenganisha. Nabii Daudi, aliyelainishiwa chuma, anatajwa katika kufua deraya na kupima pete zake. Kazi aliyotukuzwa nayo ni ya kukinga mwili, si ya kuupasua.

Hata hivyo, msomaji wa Mtwara ana haki ya kutusimamisha hapa, na kutuambia kwamba tunazungumza kama watu waliokaa barazani Unguja, mbali na porini. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika Tanzania, na mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Wengi walikuwa wakulima, waliolala mashambani wakilinda mazao yao na nguruwe mwitu. Mbele ya mtu kama huyo, fundi anayekataa kulitengeneza gobore lake kwa sababu ya dhamira safi amejisafisha kwa damu ya mwingine. Kukataa nako ni tendo. Mikono iliyokunjwa haiwi mitakatifu kwa kukunjwa tu.

Hoja hii tunaikubali yote, na kwa kuikubali tunaona mpaka wake. Gobore ni refu. Hubebwa begani, huonekana kutoka mbali, na jirani hujua fulani anakwenda shambani na bunduki. Silaha hiyo inaishi hadharani. Rivolva fupi ya mtutu wa inchi mbili haikuundwa kwa ajili ya simba wala nguruwe. Ufupi wake, ambao ndio uliompa fundi wake taabu zote tulizozieleza, una makusudi mawili: ifichike, na itumike kwa mtu aliye karibu. Siyo kwamba kila aliyenayo ni mwovu. Mlinzi wa fedha aliyeporwa mara mbili ana hofu ya haki, na askari ana wajibu wake. Lakini silaha iliyoundwa ili isionekane imebeba swali ambalo silaha ya hadharani haina, nalo ni: unamficha nani? Fundi anayo ruhusa ya kuuliza swali hilo, kwa kuwa hata chuma kilicho mkononi mwake kimekwisha kuuliza.

Atajuaje basi? Watu wengi hukimbilia kwenye sheria, na sheria ipo. Tanzania ilipitisha mwaka 2015 Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, na kabla yake nchi za kanda hii zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 juu ya silaha ndogondogo. Fundi asiye na leseni asiiguse, na fundi mwenye leseni asiipokee isiyo na kibali. Katika hilo hapana mjadala. Lakini sheria ni sakafu, siyo paa. Tukumbuke kwamba mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipitisha mkataba uliokataza kuingizwa bunduki za kisasa katika Afrika baina ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini, visiwa vyetu vikiwa ndani yake. Zilizoruhusiwa kufanyiwa biashara ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Msafiri wa Kizungu aliruhusiwa silaha yake mwenyewe kwa kutoa tamko. Mkataba huo ulivaa joho la kupinga biashara ya utumwa, na kweli ulikuwa na wema huo. Lakini ulikuwa pia na hesabu: mwenye bastola inayozunguka akutane na mwenye gumegume. Miaka kumi na mitano baadaye, katika vita vya Maji Maji, hesabu hiyo ilifungwa. Sheria iliyo halali kwa maandishi yaweza kuwa mizani yenye jiwe upande mmoja. Kwa hivyo kibali humwondolea fundi kosa mbele ya serikali. Hakimwondolei wajibu wa kumtazama mtu usoni.

Ziko njia ambazo fundi huweza kushawishika kuzipita ili kulikwepa swali, na mojawapo ni ya hila zaidi kuliko nyingine: kuitengeneza nusu. Anamwogopa mteja, hataki kumkatalia. Basi anaing'arisha nje, anaiacha mbovu ndani, na kujiambia kwamba ameokoa roho ya mtu. Hii ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kwanza ni hiana, kwa kuwa amepokea ujira wa kazi asiyoifanya. Pili, hajui ubovu wake utamwangukia nani. Silinda iliyochelewa haichagui, huweza kumpasua mtoto aliyesimama kando. Tatu, na hili ndilo zito, ameiharibu lugha baina ya watu: neno la fundi, "iko tayari," limekuwa uongo, na mji usioweza kuliamini neno la fundi wake umevunjika mahali pasipoonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini aupakaye ufa chokaa akasema ameuziba, huyo ameujenga ukaburi wa wengine.

Njia za uaminifu zimebaki tatu tu. Aitengeneze vyema, akiwa amemjua mwenyewe na haja yake, na akubali kwamba sehemu ya litakaloandama ni yake. Au amkatalie waziwazi, kwa maneno, na avumilie hasira yake. Au amshawishi aisalimishe kwa wenye mamlaka, ikavunjwe. Kila moja ina gharama yake, na alama ya kuwa ni njia ya kweli ni hiyo gharama.

Njia ya tatu haina umaskini kama inavyodhaniwa. Ng'ambo ya Ruvuma, baada ya mkataba wa amani wa Oktoba 1992 kuvifunga vita vya wenyewe kwa wenyewe, nchi ya Msumbiji ilibaki imejaa silaha zilizozikwa ardhini na kufichwa mapaani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilishana: mtu alete bunduki, apewe jembe, cherehani, baiskeli au mabati. Bunduki zilikatwakatwa, na wasanii wa Maputo wakapewa vipande. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato ajulikanaye kwa jina la Kester, alifanya mwaka 2001 kiti kilichoungwa kwa vipande vya silaha hizo, nacho leo kimo katika makumbusho ya Uingereza, London. Kiti hicho ni ukarabati wa namna yake. Fundi wa kawaida hurudisha chombo katika kazi yake ya kwanza. Huyu alikirudisha chuma katika hali ya kutokuwa na kazi bado, akakipa nyingine.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hilo lilimaliza shari. Oktoba 2017 vita vipya vilianza Cabo Delgado, katika mji wa Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, ndani ya mkoa wa Mtwara, watu wakauawa. Silaha huzaliwa upya haraka kuliko viti. Lakini kushindwa kuzimaliza zote hakumpi mtu ruhusa ya kuongeza moja.

Limebaki jambo moja, nalo linawahusu wapenzi wa mashairi kuliko mafundi. Sisi watu wa pwani tunakisifu kitu kwa kudumu kwake. Tunasifu jahazi lililovuka misimu mingi, mlango wa kuchonga uliokaa karne, na urafiki usioingia kutu. Tumezoea hata kudhani kwamba kudumu ni wema kwa nafsi yake. Sivyo. Kudumu ni wema wa kuazima. Hupata thamani kutoka katika kile kinachodumu. Chuki iliyodumu siyo bora kuliko iliyokufa. Bastola iliyodumu miaka themanini imempita aliyeinunua, imeipita hofu iliyomfanya ainunue, na sasa imo mikononi mwa mjukuu ambaye hofu zake hazikuzaliwa wakati ule. Kila inapotengenezwa, mkataba wake unaandikwa upya pamoja na watu ambao hawajulikani bado.

Tulinganishe na kitu kingine kilichotoka kusini. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji akiwa amevishuhudia vita hivyo. Bunduki zilizopigana mwaka 1905 zimekuwa kutu, au zimefungwa katika makumbusho. Utenzi ule ulinakiliwa, ukapigwa chapa, na mwaka 1957 W. H. Whiteley akautoa tena, na sisi tunausoma. Nao ulipita katika mikono ya warekebishaji: kila aliyenakili utenzi wa kale alikutana na herufi iliyofutika, mizani iliyopungua, neno lisilosomeka, akalazimika kuamua. Kazi yake na ya fundi wa bastola zinafanana sana kwa subira na kwa macho makali. Zinatofautiana kwa jambo moja: mnakili akikosea, mshairi huumia, akipatia, hakuna anayekufa.

Pale Ngomano, mahali palipovukwa na majeshi mwaka 1917, marais wa Tanzania na Msumbiji walifungua mwezi Mei 2010 Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720. Daraja nalo huchakaa. Chuma chake huliwa na unyevu uleule, na bolti zake hulegea. Litahitaji mafundi daima, watakaokagua, watakaokaza na kupaka rangi, na hakuna atakayewauliza kwa nini wanalitengeneza. Tofauti hiyo inatosha kuwa kipimo. Kazi ya ukarabati ambayo fundi anaweza kuitangaza kwa jirani zake wote, walio mbele ya chombo na walio nyuma yake, aifanye kwa moyo mkunjufu. Na ile ambayo angependa mmoja wao asiijue, aiweke juu ya meza kwanza, aitazame, asiichukue tupa yake mpaka ajue ni nani huyo anayemficha.